Majina Yaliyo Juu ya Jiwe na Majina Yaliyobaki Njiani

Hotuba ya Kamati ya Jamii, iliyosomwa katika mkutano wa kumbukumbu ya kambi

 

Tumesimama kusema juu ya lile jiwe. Maneno yamekuwa mengi mitaani. Wengine wameambiwa kwamba Kamati inataka kujenga mnara. Wengine wamesikia kwamba fedha za mnara zimekwisha kutoka na zimekwisha kuliwa. Fedha hazipo, kwa hiyo hakuna aliyekula. Kilichopo ni wazo, nalo ni hili: kuweka jiwe moja chini ya ule mti mkubwa ambapo watu wa kwanza walishushwa kutoka kwenye malori, liandikwe majina ya waliotangulia, na kuweka alama ndogo mahali pengine panapostahili, kama vile bomba la kwanza la maji, darasa la kwanza, na makaburi ya zamani. Mawe tunayo, mafundi tunao, saruji tutaomba. Kisichopatikana bado ni maneno ya kuandika, na hapo ndipo ugomvi ulipo.

Kabla ya kusema sisi tunaelekea wapi, tunaomba mtufuate kwanza hadi Ujiji. Si mbali na hapa, ila wengi wetu hatujaiona, kwa sababu tulishuka bandarini Kigoma, tukapandishwa kwenye gari, na tangu hapo anayetoka kambini anahitaji kibali. Ujiji ni mji mdogo wa zamani, kilomita chache kusini ya bandari hiyo, na ni mji wenye mawe ya kumbukumbu. Tumeona vema tujifunze kwa waliotutangulia katika kazi hii, yale waliyoyafanya na yale waliyoyaacha.

Mgeni anayefika Ujiji akiuliza kwa Livingstone, mtoto yeyote atamwonyesha njia. Barabara inateremka kuelekea ziwani, na huko chini kuna kiwanja kilichozungushiwa ukuta, bustani ndani yake, na mnara wa mawe wenye ramani ya Afrika na msalaba juu ya ramani. Kibao kinasema kwamba chini ya mwembe uliosimama mahali hapo, Stanley alikutana na Livingstone tarehe 10 Novemba 1871. Mwembe wenyewe ulikufa zamani. Miembe miwili iliyopo sasa inasemekana ni uzao wake. Kando kuna nyumba ya makumbusho, na ndani yake sanamu mbili za hao mabwana wakisalimiana. Katika mji huo huo wanakumbukwa pia Burton na Speke, Waingereza waliofika hapo Februari 1858, wakawa Wazungu wa kwanza kuliona Ziwa Tanganyika.

Sisi hatuna ugomvi na mzee Livingstone. Ukisoma habari zake za Ujiji unaona mtu ambaye hali yake tunaielewa sana. Alirudi pale mwezi wa Oktoba 1871 akiwa mgonjwa, miguu imemchakaa, akitegemea kukuta mali yake aliyotumiwa kutoka pwani. Akakuta aliyekabidhiwa mali ile amekwisha kuiuza. Mzee wa watu akabaki anategemea huruma ya majirani. Hapa kambini mtu kama huyo hahitaji kuelezwa kwa maneno mengi. Kila mmoja wetu amekwisha kusimama kwenye foleni akaambiwa mgao umekwisha.

Hata tarehe iliyo juu ya jiwe lile si ya kuapia. Livingstone alikuwa amepoteza hesabu ya siku kwa ajili ya maradhi, na siku anayoiandika yeye ni tofauti na ya Stanley. Maneno maarufu ya salamu ambayo Stanley alisema aliyatamka siku ile, Livingstone mwenyewe hayataji, na kurasa za daftari la Stanley zinazohusu mkutano huo zilichanwa. Basi watu wawili waliojua kusoma na kuandika, kila mmoja na daftari lake, wameacha mashaka ya namna hiyo. Je, sisi ambao tulivuka ziwa usiku bila karatasi wala kalamu?

Lakini jambo lililotufanya tuwalete Ujiji ni jingine. Kibao kile kina majina mawili. Tuulize waliobaki.

Siku Burton na Speke walipofika ziwani mwaka 1858, alikuwa pamoja nao mtu mmoja aitwaye Sidi Mubarak Bombay. Alizaliwa Uyao, akakamatwa akiwa mtoto, akauzwa hadi India, bwana wake alipokufa akawa huru na kurudi Zanzibar. Stanley naye alipoingia Ujiji mwaka 1871, Bombay alikuwa mkuu wa watu wake. Na mwaka 1874 alipopita Cameron, Mwingereza aliyevuka Afrika kutoka pwani ya mashariki hadi ya magharibi, aliyeongoza msafara ni Bombay yule yule. Mara tatu alifika Ujiji katika safari tatu ambazo vitabu vya shule vinazitaja, na kila safari tunafundishwa jina la Mzungu mwingine. Wakubwa wa jiografia huko London walimpa nishani na pensheni. Jiwe hakupewa.

Alikuwapo pia Abdullah Susi, ambaye ndiye aliyetoka mbio mjini kumlaki Stanley, na mwenzake James Chuma. Hao wawili tutarudi kwao baadaye.

Na mji wenyewe nani aliujenga? Maana hao Wazungu hawakukuta pori. Wenyeji ni Wajiji, ndugu wa Waha hawa hawa wanaotupokea leo, nao walikuwa na watawala wao, soko lao, na ushuru wao uliotozwa kwa mgeni yeyote, awe Mwarabu au Mzungu. Wafanyabiashara wa Kiarabu walianza kufika kama mwaka 1840. Mji ulikuwa na sehemu mbili, Ugoy na Kawele, na sokoni kulikuwa na samaki, mawese, muhogo, ndizi, chumvi ya Uvinza, pembe za ndovu, na kwa masikitiko makubwa, watu. Watu waliuzwa pale. Ujiji ilikuwa kituo cha ile njia ndefu iliyopitia Tabora hadi Bagamoyo, na mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia hiyo, Ujiji ikiwamo, katika orodha ya mahali inapopendekeza patambuliwe na UNESCO kuwa urithi wa dunia.

Sasa sikilizeni, hasa ndugu zetu mliotoka Fizi, Uvira, Kabambare na Kasongo. Mitumbwi mikubwa iliyoendesha biashara ya Ujiji ilichongwa kutoka kwenye miti ya Ugoma, ng'ambo, upande wetu wa Kongo. Wabwari na Wagoma walikuwa wakivuka kuja kuuza Ujiji kabla hakujawa na mpaka wala afisa wa kuuliza kibali. Na kuanzia miaka ya 1860 walianza kuletwa kwa wingi watu wa magharibi ya ziwa, wa nchi iliyoitwa Manyema. Wengine waliletwa na minyororo shingoni. Wengine walikuja na mizigo kichwani, wengine wakiwa askari wa misafara, na wengine kwa hiari yao wakitafuta biashara. Ujiji ilipozidi kukua, wao ndio walioijaza. Walijenga nyumba, wakashika Uislamu na Kiswahili, wakaoa na kuolewa na wenyeji, na watoto wao wakasambaa hadi Tabora, Bujumbura na Dar es Salaam, wakiitwa Wamanyema popote walipo. Jina hilo lilikuwa la aibu mwanzoni, maana lilimkumbusha mtu kwamba babu yake aliletwa. Likageuka kuwa jina la watu wa mjini wenye heshima zao.

Kwa hiyo walioifanya Ujiji kuwa mji ni Wajiji waliowapokea, watu wa Mrima na Waarabu waliofanya biashara, na kwa sehemu kubwa sana watu waliotoka ng'ambo ya ziwa bila kutaka. Yaani watu kama sisi. Anayedhani kwamba kuvuka Tanganyika kwa shida kulianza mwaka 1996 hajui historia ya ziwa hili.

Tena ipo sababu iliyomrudisha Livingstone Ujiji mwaka ule. Alikuwa Nyangwe, kwenye mto Lualaba, na tarehe 15 Julai 1871 watu wa wafanyabiashara walifyatua bunduki ndani ya soko lililojaa akina mama. Waliopigwa risasi na waliozama mtoni walikadiriwa kuwa mia tatu hadi mia nne. Livingstone aliona kwa macho yake, akaandika, na habari ile ilipofika Uingereza ilisaidia kumshinikiza Sultani wa Zanzibar kufunga soko la watumwa mwaka 1873. Akina mama wale walikuwa wamekuja na samaki na mihogo. Majina yao hakuna aliyeyaandika, si yeye wala mwingine.

Tukivuka kwenda Burundi, kuna jiwe lingine. Liko Mugere, kusini kidogo ya Bujumbura, na ndugu zetu Warundi walio hapa wengi wao wameliona. Limechongwa majina mawili, Livingstone na Stanley, na tarehe 25 Novemba 1871. Baada ya kukutana Ujiji, mabwana hao walipanda mtumbwi kwenda kaskazini kutazama kama mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka. Wakaona unaingia. Njiani walilala Mugere siku mbili, wakipokewa na mtawala aitwaye Mukamba. Wapo wanaosema kwamba mahali walipokutana kwa mara ya kwanza ni hapo, si Ujiji, na tumesikia Warundi na Wakongo wa kambi hii wakibishana juu ya jambo hilo kwenye foleni ya maji hadi ndoo zinafurika. Ubishi huo sisi tunaona umekwisha: tarehe iliyo juu ya jiwe la Mugere yenyewe inatosha kuumaliza, maana ni ya siku kumi na tano baadaye. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hao hawakufika hata siku ya jembe, na wana jiwe. Mukamba aliyewapa chakula na pa kulala hakuchongwa.

Sasa turudi kwa Susi na Chuma. Livingstone alifariki tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo sasa ni Zambia. Watu wake waliuzika moyo wake chini ya mti, mwili wakaukausha, wakaubeba kwa miguu kwa miezi mingi, wakapita katika nchi zenye njaa na vita, hadi Bagamoyo, Februari 1874. Susi na Chuma ndio waliokuwa viongozi. Alizikwa katika kanisa la Westminster, London, tarehe 18 Aprili 1874, na jiwe lake kule linasema kwamba aliletwa na mikono miaminifu. Mikono tu. Wenye mikono hawatajwi.

Lakini kule Chitambo, kabla hawajaondoka, kijana mmoja wa msafara, Jacob Wainwright, mtumwa aliyekombolewa na kusomeshwa India, alichonga maandishi kwenye ule mti. Aliandika jina la Livingstone na tarehe. Kisha akaongeza majina mengine matatu ya wenzake waliokuwa wakuu wa safari. Tunaomba mlipime jambo hili. Katika alama zote tulizozitaja leo, hii ndiyo pekee iliyochongwa na wale waliobeba mzigo, na hii ndiyo pekee tunayojua iliyowataja wao. Mwaka 1899 mti ulikatwa, kipande chenye maandishi kikapelekwa London, na mwaka 1902 ukajengwa mnara mahali pake.

Kutokana na hayo Kamati imeona kwamba anayeshika patasi ndiye anayechagua nani akumbukwe. Tukingoja wengine watuandikie, wataandika kwa wema wao wote, na wataandika wanachokiona.

Hapa inabidi tuseme neno kwa wafanyakazi wa mashirika, nao tunajua hawatakasirika kwa sababu tumezoeana. Kambi yetu haina upungufu wa vibao. Bomba lina kibao. Darasa lina kibao. Vyoo vina vibao, tena vikubwa. Kila kibao kina nembo ya aliyetoa fedha, na wakati mwingine nembo nne, na bendera. Hatusemi zisiwepo, aliyetoa ana haki ya kuonyesha mali ilikokwenda. Lakini hakuna kibao hata kimoja kinachosema nani alichimba shimo, nani alifyatua matofali, wala ni mama gani aliyezalisha wenzake chini ya turubai wiki ile ya kwanza ya mvua, kabla zahanati haijawa na paa. Kwa hiyo tunaomba kwa heshima: mashirika yatusaidie saruji, lakini juu ya jiwe hili pasiwekwe nembo yoyote.

Tuna haraka, na sababu yake kila mmoja anaijua. Kambi hufungwa. Lugufu ilifungwa mwaka 2009. Mtabila ilifungwa Desemba 2012. Watu makumi ya maelfu waliishi huko, waliozaliwa na waliozikwa huko ni wengi, na kati yetu hapa wapo waliohamishwa kutoka huko. Nyumba za udongo zikiachwa misimu miwili ya mvua hurudi kuwa udongo. Misalaba ya mbao huliwa na mchwa. Katika makaburi yetu ya zamani, upande wa mtoni, tulipita mwezi uliopita pamoja na wazee wawili na hatukuweza kutambua hata nusu ya waliolala pale. Wengi ni watoto wadogo wa miezi ya mwanzo, wakati wa surua na kuhara. Mama zao wanajua palipo. Mama mmoja akiondoka, makaburi mawili matatu yanaondoka naye.

Watu wanaondoka. Wapo wanaorejea nyumbani, wapo wanaopelekwa nchi za mbali, na wapo wazee ambao safari yao ni ile isiyohitaji fomu. Katika orodha ya wale tunaowakumbuka kuwa walishuka kwenye lori la kwanza, waliobaki kambini tunawahesabu kwa vidole.

Sasa tuje kwenye ubishi wenyewe. Tutausema wazi, maana ukifichwa unaoza.

Wapo waliosema jiwe litamaanisha tumekata tamaa ya kurudi. Tumelitafakari sana neno hili. Wengine wenyeji nao wameuliza, kwa upole, kama jiwe ni njia ya kudai ardhi. Jibu ni moja kwa wote: jiwe si hatimiliki. Ardhi ni ya Tanzania. Aliyezika mtoto mahali hapadai shamba kwa sababu hiyo. Anataka tu asikanyagwe. Tumekubaliana kwamba maandishi yatasema waziwazi kwamba watu hawa walipita hapa, walipokewa, na ni miaka gani.

Wapo waliotaka yaandikwe makabila. Kamati imekataa, na katika hili hatutarudi nyuma. Tumekimbia kwa sababu ya makabila, wengine mara mbili. Litaandikwa jina la mtu, mwaka aliofika, na mahali alipovukia au mpaka aliopitia: Baraka, Kazimia, Uvira, Kagunga, na kadhalika. Hayo ndiyo tunayoshirikiana.

Jambo gumu kuliko yote lililetwa na mzee mmoja wa kanda ya chini, na baada ya kulisema kikao kizima kilinyamaza. Alisema: katika nchi zetu, nimeona orodha za majina zikitumika kutafuta watu nyumba kwa nyumba. Mnataka niandike jina langu kwenye jiwe? Hatukuwa na jibu siku ile. Tumekutana mara tatu juu ya neno hilo. Tumeamua hivi: hakuna jina litakaloandikwa bila ridhaa ya mwenyewe, au ya familia kama mwenyewe amefariki. Anayetaka liandikwe jina moja tu, la utani au la ubatizo, au lile aliloitwa na watoto wake, na liwe hilo. Asiyetaka kabisa atawekewa kokoto moja nyeupe kwenye saruji, isiyo na maandishi, na atahesabiwa sawa na wengine. Mzee amekubali kokoto. Ametuomba tuseme kwamba amekubali kwa shingo upande.

Kuhusu nani ni wa kwanza, tumeona tusigombee. Lori la kwanza, la pili na la tano yalifika katika juma moja. Wote wa mwaka ule wataandikwa kwa alfabeti, bila cheo. Mwenyekiti atakaa karibu na mchuuzi wa mihogo ikiwa herufi zao zinakaribiana. Na upande wa pili wa jiwe, kwa herufi za ukubwa ule ule, tunataka wenyeji: wale wanakijiji walioleta muhogo na maji siku tulizofika kabla mgao wa kwanza haujaja. Kuna mambo yaliyotutia ugomvi baadaye, kuni na mipaka ya mashamba, tunayajua, na mahali pake pa kuzungumzwa ni kwenye vikao vya pamoja. Hayafuti muhogo ule. Mukamba wa Mugere alisahauliwa na waliolala kwake; sisi tusifanye hivyo.

Vijana wamependekeza tuwe na alama kwa ajili ya meli ya Liemba. Pendekezo zuri. Meli ile ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa Kigoma, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916 ili isishikwe, ikaopolewa mwaka 1924, na ikarudi kazini mwaka 1927. Mwaka 1997 ilirudisha Kongo makumi ya maelfu ya wakimbizi, na mwaka 2015 ikawachukua ndugu zetu Warundi kutoka ufukwe wa Kagunga kuwaleta Kigoma. Ila tumeona meli hiyo haihitaji jiwe letu. Tutaitaja kwenye maandishi tu, kama njia waliyopitia.

Jambo moja tumelichukua kutoka Ujiji ambalo halihusu majina. Mwaka 1871 maji yalikuwa karibu na ule mwembe. Wakati huo ziwa lilikuwa juu, kwa sababu mdomo wa mto Lukuga, upande wa Kongo, ambao ndiyo njia pekee ya maji kutoka, ulikuwa umezibwa na mchanga na magugu. Miaka michache baadaye maji yalivunja kizuizi, na kufikia miaka ya 1890 ziwa lilikuwa limeshuka kwa karibu mita 10. Mji uliokuwa bandari ukabaki mbali na maji yake, na reli ilipofika ziwani mwaka 1914 ilikwenda Kigoma kwenye ghuba yenye kina. Mgeni anayesimama leo penye mnara hushangaa mitumbwi ilikuwa wapi. Basi alama zetu ndogo zisiseme tu jina la mahali. Ziseme palikuwa na nini: hapa palikuwa na bomba lenye koki sita, foleni ilianza alfajiri, hapa palikuwa na turubai mbili na ubao mmoja, na ndiyo ilikuwa shule. Atakayepita baada yetu, akikuta msitu umerudi, ajue alichosimama juu yake.

Daftari liko kwa katibu wa Kamati, ofisi ya pili baada ya ghala. Litafunguliwa kila Jumatatu na Alhamisi, na siku za mgao halitafunguliwa kwa sababu hakuna atakayekuja. Aje mwenye jina mwenyewe au mtu wa familia, pamoja na shahidi mmoja anayemfahamu tangu mwaka wa kuvuka. Akina mama wenye makaburi upande wa mtoni wamwambie mwenyekiti wa kijiji, tutakwenda pamoja nao na kupigilia vigingi kabla ya mvua. Wasioweza kutembea tutawafuata nyumbani. Na wale ambao tarehe yao ya kuondoka imekwisha kubandikwa ubaoni waje wa kwanza, kesho saa mbili asubuhi. Hao hatutawauliza shahidi, sisi wenyewe tutawashuhudia.